Kioo cha Pili Nyuma ya Pazia

Ukucha wa kidole chake kidogo cha mkono wa kulia ulikuwa mrefu kuliko mingine yote, na kwa ukucha ule alifanya kazi nyingi. Alichokonolea sikio, alitolea nyama kwenye meno, alifungulia bahasha za watu, na baada ya hapo, bila hata kuufuta, aliugusisha kwenye kioo cha kompyuta kunionyesha neno nililokosea. "Hapa, Skola. Tazama hapa." Akiondoka palibaki alama ya mafuta juu ya neno lile, nami nilichukua kitambaa nikaifuta. Nilifuta alama zile kwa karibu miaka mitatu. Leo nikimkumbuka, kinachotangulia ni ukucha, halafu sauti, halafu ndiyo sura.

Tulimwita Mwalimu. Mji mzima wa Ifakara ulimwita hivyo, ingawa aliacha kushika chaki kabla mimi sijajua kusoma. Alikuwa na ofisi ya kuchapa barua kule Viwanja Sitini, vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa tofali, mlangoni pazia la kitenge. Chumba cha mbele kilikuwa changu na wateja, cha nyuma chake mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya upigaji chapa Morogoro, nina mtoto wa miaka miwili niliyemwacha kwa mama yangu Kibaoni, na Mwalimu ndiye mtu pekee mjini aliyekuwa anaajiri mpiga chapa bila kuuliza baba wa mtoto ni nani. Hilo nilimshukuru. Nalitaja mapema kwa sababu mengi ya mbele si ya shukrani.

Alikipenda Kiswahili kuliko alivyowapenda watu. Mteja akileta karatasi iliyoandikwa kwa mkono, Mwalimu aliitwaa kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, akaisoma akiwa amesimama, na pua yake ikawa inakunjamana kila alipofika kwenye kosa. Waliochanganya herufi za r na l aliwacheka waziwazi. "Mzee, hapa umeandika ng'ombe wamekura mpunga. Wameula au wameupigia kura?" Yule mzee alicheka pia, maana angefanyaje. Waliojaza barua kwa malalamiko na kumwita Mungu shahidi aliwafutia mistari mizima. Alikuwa na maneno yake aliyoyarudia kila wiki: serikali haisomi machozi, inasoma aya. Na jingine, kwamba kupeleka barua yenye makosa ofisini ni kutoka nyumbani bila suruali. Wateja waliondoka na barua safi, fupi, yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, nao walitembea wima zaidi kuliko walivyokuja. Lazima nikubali kwamba barua zake zilikuwa nzuri. Sijawahi kuona barua nzuri kama zile tena.

Alikula palepale mezani, kwake au kwangu. Kila mchana aliletewa perege wa kukaanga, akamla juu ya kibodi, magamba na mafuta yakiingia katikati ya vitufe, na mifupa aliitemea kwenye karatasi zilizoharibika. Karatasi zile zilikuwa barua za watu. Nilikuwa nazikusanya jioni, jina la mtu na shida yake vimeloa mafuta, uti wa samaki umelala katikati. Nilipomwambia mara moja kwamba tungeweza kuzichoma moto, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si zimeshaharibika?" akasema.

Sasa niseme habari ya kompyuta, kwa sababu bila hiyo huyu mtu angebaki mzee mchafu tu, na wazee wachafu wapo kila mahali.

Ofisi ilikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikuwa mpya kiasi, ndiyo niliyoitumia mimi. Ya pili ilikuwa sanduku zito la rangi ya maziwa yaliyolala, iliyoachwa na wageni wa mradi mmoja wa kilimo walipofunga virago. Peke yake haikuweza kazi. Ukiipa barua ya kurasa mbili ilisahau ukurasa wa kwanza. Mtu mwingine angeifanya meza ya kuwekea redio. Mwalimu alimwita fundi aliyekuwa likizo kutoka kwenye mashamba ya miwa, wakatoboa ukuta karibu na sakafu, wakapitisha waya, wakaingiza programu ya disketi kila upande, na baada ya siku mbili za sigara na ubishi, ile kompyuta kuukuu ikawa kioo cha pili cha kompyuta yangu. Kila herufi niliyobonyeza mimi mbele ilitokea kwake nyuma. Na yeye akibonyeza kwake, ilitokea kwangu.

Siku ya kwanza nilipiga makofi. Nilikuwa nimeandika halmashauri nikaruka herufi moja, na kabla sijafika mwisho wa mstari, kale kamstari kanakowaka na kuzima kakanitoka, kakarudi nyuma kenyewe, kakaingiza ile a, halafu kakanirudia. Nyuma ya pazia nilimsikia Mwalimu akicheka kwa furaha kama mtoto aliyepewa baiskeli. Nikacheka na mimi. Akaniita nikaone upande wake, nikaona maneno yangu mwenyewe meupe kwenye kioo cha bluu, na kivuli cha kichwa chake juu yake. Aliniambia hivi ndivyo atakavyonisahihisha bila kunisumbua. Halafu akaongeza kwamba wateja tusiwaambie, wataogopa mitambo. Niliona ni busara. Watu walikuwa wanaogopa hata ile printa ilivyokuwa inapiga kelele.

Kazi yetu ilivyokwenda ni kwamba mteja alikaa kwenye benchi karibu yangu, akaniambia anachotaka kiandikwe. Kama kulikuwa na watu wengine wakisubiri, alininong'oneza. Nimekaa na wanawake waliokuwa wameniwekea mdomo kwenye sikio kabisa, pumzi yao nikiisikia, ili jirani kwenye benchi asipate neno. Msichana mmoja alikuwa anamwandikia mchumba wake kwamba ana mimba na si yake. Mwanamume mmoja wa makamo alikuwa anamwomba mwanawe wa Dar amchukue kwa sababu mke mpya alikuwa anampiga. Aliponong'ona neno kupiga alifunika mdomo kwa kiganja. Mimi niliandika. Na maneno yale waliyokuwa wanayaficha kwa mikono yao yalipita chini ya miguu yao, kwenye tundu la ukuta, yakatokea mbele ya mtu anayetafuna samaki.

Nilijua anasoma. Siwezi kusema sikujua. Nilijiambia anasoma herufi, hasomi habari.

Baada ya miezi michache watu walianza kusema Mwalimu ana karama. Alikuwa anakutana na mtu sokoni, anamshika bega, anamwambia kwa upole asiwe na wasiwasi juu ya mambo ya uhamisho, yatakwenda sawa. Mtu yule hakuwa amemwambia yeyote kwamba ameomba uhamisho. Yule mwanamume wa mke mpya Mwalimu alimwuliza tu, bila kumtazama, kama mbavu hazijambo. Watu walistaajabu. Wengine walianza kuja ofisini bila barua yoyote, wamekuja kumwona yeye, wakaingia nyuma ya pazia kuomba ushauri. Jumapili alisoma somo kanisani kwa ile sauti yake inayotamka kila silabi, na kina mama waliinamisha vichwa. Nami nilikaa benchi la tatu nikijua karama ilikuwa waya.

Kwa nini nilikaa kimya? Mtoto wangu ndiye jibu moja, na hapa lazima nieleze jambo ambalo ningependa lisingetokea, kwa sababu linanivurugia chuki. Masika ya mwaka wangu wa pili pale ofisini, mama yangu alikuja mbio na mtoto amekakamaa, macho yamegeuka, degedege. Barabara ilikuwa tope jeusi tupu, hakuna gari. Mwalimu aliacha chakula chake, akampakata mtoto kwa mkono mmoja, akapanda baiskeli, akapita kwenye yale madimbwi huku mimi nikikimbia nyuma na viatu mkononi. Alianguka mara moja karibu na hospitali, akaanguka kwa upande ili mtoto awe juu. Alikaa nasi mpaka mtoto akalia. Alipolia, Mwalimu naye alilia, kamasi zikamshuka mpaka kwenye mdomo wa juu, akazifuta kwa kiganja na kiganja kilekile akamshika mtoto shavu. Nilimwacha. Nilimbusu mkono. Huyo ni mtu yuleyule. Nimejaribu miaka mingi kuwa na watu wawili kichwani ili mmoja nimpende na mwingine nimteme, na sijaweza.

Jirani yetu pale alikuwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Pumba zake ziliingia kila mahali, kwenye nywele, kwenye chai, kwenye printa. Umeme ulikuwa unakatika siku moja hadi ya pili, lakini yeye alikuwa na jenereta, na alitupitishia waya wake juu ya dari. Ndiyo maana ofisi yetu ilifanya kazi wakati nyingine zimefunga milango. Mwalimu alimwita "ndugu yangu". Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, hakuwahi kunisalimia kwa jina.

Mama Febronia alitoka Idete. Alikuja siku ya mvua nyepesi, mguu mmoja una ndara na mwingine hauna, maana kamba ilikatika njiani. Alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Marehemu mume wake alikuwa na shamba la mpunga kando ya kijito, mahali ambapo maji hayakauki mapema, na msimu mmoja kabla ya kufa, alipoumwa, alilikodisha kwa mtu. Sasa yule mtu alikuwa anasema aliuziwa. Mtu mwenyewe alikuwa jirani yetu mwenye mashine. Mama Febronia hakujua kwamba mashine aliyokuwa anaisikia ikinguruma ng'ambo ya ukuta ni ya mtu huyo. Mimi nilijua. Nilipunguza sauti, nikamwomba naye apunguze.

Alinieleza taratibu, nikaandika. Katikati ya barua alisema sentensi moja aliyokuwa ameishika kichwani tangu nyumbani, akairudia mara mbili ili nisikosee: kwamba shahidi wake ni mzee Dionis wa kijiji hichohicho, aliyekuwepo siku marehemu mume wake alipolikodisha shamba kwa msimu mmoja tu. Niliiandika kama alivyosema. Tukaenda mbele. Nilikuwa namalizia salamu za mwisho nilipoona kamstari kakinitoka. Kalipanda juu, kakafika kwenye sentensi ya mzee Dionis, kakaanza kuila kutoka mwisho. Tu. Mmoja. Msimu. Kwa. Herufi moja moja, bila haraka. Mama Febronia alikuwa anatazama mikono yangu. Mikono yangu ilikuwa imetulia juu ya meza. Hakujua kusoma vya kutosha kuelewa kilichokuwa kinapungua.

Niliita kwa sauti ya kawaida. "Mwalimu, hapa vipi?"

"Imejirudia," alijibu kutoka nyuma. "Chapa."

Haikuwa imejirudia. Nilichapa. Printa ikalia, karatasi ikatoka, nikaikunja mara tatu nikampa. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Alirudi baada ya wiki tatu. Safari hii alikuwa ameazima viatu. Barua aliitoa kifuani, imelainika kwa jasho, akaifungua juu ya meza yangu akaniambia nimwonyeshe mstari wa Dionis. Kwenye baraza la kata, barua ilikopelekwa, alikuwa amemsimamisha mzee huyo, na wajumbe wakamwambia shahidi hayumo kwenye barua yake ya malalamiko, amemtafuta baada ya kusikia maneno ya mwenzake. Alikuwa ameshindwa. Aliuliza bila hasira. Alidhani labda wajumbe hawakuona vizuri, mimi niliyeandika nitapaona.

Nilishika karatasi. Nilijifanya natafuta. Pazia likafunguka, Mwalimu akatoka, akaichukua barua mkononi mwangu, akaisoma yote kwa sauti kama somo la Jumapili, halafu akamwekea mjane yule mkono begani. "Mama," akasema, "huzuni inasahaulisha. Labda ulikusudia kumtaja, ukasahau."

Mama Febronia alinitazama mimi, si yeye. Nami niliangalia kibodi. Katikati ya vitufe kulikuwa na gamba la samaki, nikawa nalitazama hilo gamba mpaka aliposema haya, kwaherini, akatoka.

Bado nilibaki pale. Nilijitengenezea hadithi kwamba labda kweli Mwalimu aliona imejirudia, macho yake si mazuri. Hadithi hiyo ilidumu mpaka siku ambayo nilikuwa namwandikia mkulima mwingine, naye ana ugomvi wa mpaka. Printa iliishiwa utepe, na utepe mpya ulikuwa chumba cha nyuma. Niliamka bila kuita, nikafungua pazia. Kwenye kiti cha Mwalimu, mbele ya ile kompyuta kuukuu, alikuwa amekaa mwenye mashine. Vumbi la pumba limemkaa kwenye nyusi. Alikuwa anasoma barua yangu niliyoiandika dakika hiyohiyo, midomo yake ikicheza kwa kila neno, na mkono wake ulikuwa kwenye sahani ya perege. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake, ameinama, na ule ukucha unafuata mstari kwenye kioo, akimsaidia kusoma pale alipokwama. Akimsaidia kwa uvumilivu, kama alivyowasaidia watoto darasani.

Hakushtuka hata kidogo. Alinipa utepe. "Usimwache mteja peke yake," akasema.

Nilirudi mbele. Kwa hiyo kioo kile hakikuwa cha kunisahihisha. Tulikuwa tunawaketisha watu mbele ili adui zao wawasome nyuma, na malipo yalikuwa waya wa jenereta. Ndiyo, taa yangu, printa yangu, maneno yote meupe kwenye kile kioo, vyote vilikuwa vinawaka kwa shamba la mtu. Nilimwambia yule mkulima mashine imeharibika, nikamrudishia karatasi yake ya mkono, nikamwambia asiende popote na barua ile mpaka aikariri. Hakuelewa. Jioni nilichukua kanga yangu na kikombe changu, sikurudi tena.

Idete nilikwenda wiki iliyofuata, juu ya lori lililokuwa linafuata mpunga. Nilimkuta Mama Febronia uani anapepeta. Nilimpa shikamoo, akaitika, akaniambia nikae. Sikukaa. Nilimweleza yote nimesimama, kioo, waya, sentensi iliyoliwa, jirani kwenye kiti. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Aliumimina, akaukung'uta, akauweka chini.

"Na wakati anaufuta mstari wangu," akasema, "wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Mbele ya kompyuta, mama."

"Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

Kuku walikuwa wanaingia kwenye pumba na hakuwafukuza. Halafu akasema basi niende nikaseme hivyohivyo mbele ya watu.

Nilikwenda. Baraza lilikubali kusikiliza upya, kwa sababu mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, hilo sina budi kulisema. Nilieleza jinsi kompyuta moja inavyoweza kuwa kioo cha nyingine. Wajumbe walikuwa wazee watano na mama mmoja, wote wakulima, hakuna aliyewahi kuona kompyuta imewashwa. Nilichora kwa kidole kwenye udongo: hapa mimi, hapa ukuta, hapa yeye. Mama yule alionekana kuelewa. Kisha akaitwa Mwalimu. Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, akawasalimia wazee mmoja mmoja kwa heshima, akauliza hali za wagonjwa wao kwa majina. Wawili kati yao alikuwa amewafundishia watoto wao. Alinitazama kwa huruma. Hakuniita mwongo. Alisema Skola ni binti mzuri, mchapakazi, ana mtoto, amepata shida nyingi. Halafu akawauliza wazee wake kwa ile sauti: mtu akiandika barua chumba hiki, na yeye akiwa chumba kingine, mikono yake imefikaje kwenye karatasi? Watu walicheka. Nilisikia kicheko kile mgongoni kama maji machafu yanayomwagwa.

Waliwatuma wajumbe watatu waje kuangalia. Tulipofika Viwanja Sitini waya haukuwepo. Tundu la ukutani lilikuwa limezibwa kwa saruji ambayo rangi yake haikufanana na ukuta, nikawaonyesha, nikawaambia waguse, bado ilikuwa na unyevu. Mwalimu akasema panya. Aliwakaribisha viti, akawapa soda, akaiwasha ile kompyuta kuukuu mbele yao. Ilikoroma, ikatoa mlio mmoja, ikaandika mstari mfupi juu kabisa ikaishia hapo. Mjumbe mmoja alipeleka mkono nyuma yake kupapasa kama kuna kitu. Mwalimu akasema ni mbovu, anaiweka kwa kumbukumbu ya wageni. Na kweli, peke yake vile ilikuwa mbovu. Nilitaka kuwaunganishia waone, lakini sikujua waya ulifungwaje, na yule fundi wa mashamba ya miwa alikuwa amesharudi kazini kwake.

Mzee Dionis alifariki masika ya mwaka uleule, kabla hawajamwita tena. Baraza likaamua kugawa. Mwenye mashine akapewa upande wa kijitoni, Mama Febronia akabakiziwa kipande cha mwinukoni ambacho hata mahindi hukauka kikiwa hakijapata mvua mbili. Waliandika kwamba pande zote zimeridhika. Barua ya uamuzi ilikuwa imechapwa vizuri sana. Kichwa cha habari kilipigiwa mstari. Nilitambua mahali ilipochapwa, kwa sababu herufi moja ya printa ile ilikuwa na pengo.

Kilichonikirihi kuliko vyote ni kwamba watu waliendelea kwenda. Habari ilienea, kila mtu aliisikia, na bado benchi lilijaa. Nilimwuliza shangazi yangu, aliyekuwa amepeleka kwa Mwalimu barua ya urithi, kama hakusikia. Alisikia. Lakini nani mwingine anaandika barua nzuri vile, akaniuliza. Mimi nilipata kazi kwenye shule moja, kwenye mashine ya mkono ya zamani inayoumiza vidole, na kwa mwaka mzima kila nikiandika nilikuwa nageuka kuangalia nyuma.

Nilimwona mara ya mwisho mwishoni mwa miaka ile ya tisini, hospitali, siku ya macho. Alikuwa amekaa mwishoni mwa benchi, amepungua, jicho moja lina utando mweupe na jingine linaelekea huko. Ukucha ulikuwa umekatwa. Nilitaka kupita, lakini alinitambua kwa hatua, sijui vipi, akasema, "Skola, mwanangu." Nikampa shikamoo. Neno lile lilinitoka kwa mazoea, nikalichukia lilipokuwa bado mdomoni. Aliitikia marahaba kwa furaha kabisa. Alinisogezea nafasi. Alinitolea karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa shati, zenye joto la mwili wake, akanimwagia kiganjani. Aliuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Aliwaambia waliokaa karibu kwamba huyu ndiye mpiga chapa bora aliyewahi kupita Ifakara.

Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka. Usingizini, jikoni, kanisani, nilikuwa nimeyapanga na kuyapanga tena. Nilitegemea atakana, au atasema ni umaskini, ni umeme, ni yule mwenye mashine alimlazimisha. Nilikuwa na jibu la kila moja. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini aliufuta mstari wa shahidi wa yule mama.

Aligeuza uso kunielekea. Alifikiri.

"Mama yupi?"

"Mama wa Idete."

"Wa Idete walikuwa wengi," akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayejaribu kunisaidia.

Hapohapo muuguzi akaita namba yake. Alisimama akanyoosha mkono hewani, akitafuta wa kumshika. Sikuunyanyua wangu. Dada mmoja aliyekuwa upande wa pili alinitazama vibaya akaniambia nimshike baba yangu. Nilisema si baba yangu. Lakini benchi zima lilikuwa linatuangalia, na mkono uko palepale hewani, basi niliushika. Ulikuwa laini na wenye jasho, nikahisi ngozi yangu ikisisimka mpaka kwenye kiwiko. Tulitembea hatua kwa hatua, mimi nikimwambia hapa kuna kizingiti, hapa geuka.

Mlangoni nilisimama. Nikasema kwa sauti ambayo watu wote walisikia: Febronia, mjane, shamba la mpunga kando ya kijito, shahidi wake mzee Dionis, jirani yako mwenye mashine. Nilisema yote, hakuna nililoliacha.

Mwalimu aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho. Aliutafuta uso wangu kwa lile jicho lililobaki.

"Simkumbuki, mwanangu," akasema.

Nilimwangalia kwa karibu kuliko nilivyowahi kumwangalia, nikitafuta uongo usoni mwake. Haukuwemo.